Bajeti Niliyoipinga Mwenyewe

Niliingia katika halmashauri ya mtaa wetu, kaskazini mwa London, bila ya kumwomba mtu kura hata moja. Sisemi hivi kwa kujisifu. Mwalimu wangu wa chuoni, tulipokuwa tukisoma Kurani kule Unguja, alitufundisha tungali watoto kwamba mtu asiyatake madaraka kwa ulimi wake; akiyaomba akapewa, ataachiwa ayabebe peke yake, na akipewa bila ya kuomba atasaidiwa kuyabeba. Nilikuwa na miaka tisa nilipolipata somo hilo. Lilinijia lote, neno kwa neno, nilipokuwa na miaka hamsini na sita, nimesimama kwenye mvua mbele ya mlango wa mtu nisiyemjua, na karatasi za kampeni zimerowa mkononi.

Aliyenisimamisha uchaguzi ni bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, kiongozi wa chama chetu pale mtaani. Alikuwa akimwita kila mtu "mpenzi": mimi, kondakta wa basi, na paka wake. Wiki ya kwanza, kila akiniita hivyo nilitazama viatu vyangu. Alinijua kwa sababu nilikuwa karani wa hesabu katika hospitali kwa miaka ishirini na tatu, tangu nilipopata kazi yangu ya kwanza ya maana baada ya kuja nchi hii, miaka michache kufuatia Mapinduzi. Alisema chama kinahitaji mtu anayejua hesabu na asiyependa kusemasema. Nilimwambia sifa ya pili ninayo kamili.

Kwa hiyo sikuomba, niliombwa, na mpaka hapo sheria iko upande wangu. Tabu ni kwamba aliyeombwa asimame hutumwa kwenda kuomba.

Jioni ya kwanza alinikuta kwenye kona ya barabara, baada ya saa tatu za kazi.

"Mpenzi, umegonga milango mingapi?"

"Minne."

"Minne? Mimi nimegonga tisini!"

Nilimweleza. Mlango wa kwanza alikuwamo bibi aliyeanguka bafuni, tukazungumza juu ya goti lake. Wa pili, bwana mmoja wa Kongo alinikaribisha chai. Wa tatu, mtoto alikuwa na mtihani wa hesabu kesho yake, na mimi ni mtu wa hesabu. Wa nne walikuwa wanahama, nikashika upande mmoja wa kabati.

"Na umewaambia wakupigie kura?"

"Hapana."

"Umewaambia nini basi?"

"Nimewauliza hali."

Yule bibi aliegemeza kipaji chake cha uso kwenye nguzo ya taa akakaa hivyo kitambo. Nilimvumilia.

Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ndiye aliyenitangulia London. Wakati huo alikuwa mjane, anakaa peke yake katika fleti ghorofa ya saba, lifti inafanya kazi ikipenda. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, alikwenda kula chakula cha mchana katika ukumbi wa wazee uliokuwa chini ya halmashauri. Siku nyengine hakutoka. Nilipomweleza shida yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wewe umekatazwa kuomba. Mimi nimekatazwa kukuombea?"

Nikafikiri. "Sidhani, dada."

"Basi kaa kitako."

Alikusanya wenzake wa ukumbini, wanawake sita, mmoja wao bibi wa Jamaika mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Dada alijua sentensi tatu tu za Kiingereza kwa kazi ile: "Huyu ni mdogo wangu. Haibi. Chukua kisheti." Kila mlango uliofunguliwa ulipata hizo sentensi tatu na kisheti kimoja, kitafunio cha sukari, kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yao, hatua tano, nimeshika mwavuli, kama bwana harusi asiyetakiwa kusema. Nilishinda kwa kura chache. Dada alisema tungepata zaidi, ila visheti vilimalizika.

Mwaka wa pili chama chetu kilichukua halmashauri, na yule bibi mwalimu akawa kiongozi wake. Akanifanya diwani wa fedha. Watu walinipongeza sana, na baadaye nikagundua kwamba wanne kabla yangu walikataa. Diwani wa barabara hukata utepe. Diwani wa maktaba hupigwa picha na watoto. Diwani wa fedha huletewa kitabu kinene kama matofali mawili, na kila mtu anayemsalimia ana dharura. Hata hivyo nilishukuru. Niliamka kila siku nikamshukuru Mungu kwamba kijana aliyeingia nchi hii na koti la kuazima amepewa dhamana ya kusimamia jumba la maktaba, taa za barabarani na taka za watu laki mbili.

Upande wa pili wa ukumbi, katika upinzani, msemaji wao wa fedha alikuwa Mhindi aliyezaliwa Chake Chake, Pemba, baba yake akiuza nguo. Yeye alikuwa na duka la dawa. Mimi nikimwita Bhai, yaani ndugu kwa lugha ya kwao, naye akiniita Shekhe. Siku ya kwanza niliposimama kutoa maelezo ya hesabu, alinyanyua kichwa akaniuliza kwa Kiswahili mbele ya watu wote:

"Shekhe, hesabu hizo umezipika kwa nazi ngapi?"

"Nazi moja, Bhai. Tui lenyewe jepesi, nyinyi mlipotoka mlituachia machicha."

Karani wa kikao akasimamisha kalamu. Akauliza, kwa adabu, lugha ile ni lugha gani.

"Kiswahili," akasema Bhai. "Cha Pemba, kilicho bora."

"Kilicho bora ni cha Unguja," nikasema.

Niliyasoma maandishi ya kikao wiki iliyofuata. Yalisema: "Madiwani wawili walikubaliana." Tangu siku hiyo nilimheshimu sana karani yule.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka wa tatu fedha kutoka serikali kuu zilipungua, na ilitulazimu kupunguza matumizi. Mkurugenzi wa fedha, kijana mpole mwenye tai nyembamba, aliniletea orodha ya huduma ishirini ambazo zingeweza kufungwa, zimepangwa kuanzia ya kufungwa kwanza, akanitaka nichague nane. Ukumbi wa wazee ulikuwa wa kumi na tano. Kwa hesabu tupu ungesalimika.

Niliuona nikashtuka, na jambo la kwanza lililonijia ni hofu ya kupendelea. Nimesoma tangu udogo kwamba anayepewa mali ya watu akaitumia kuwaneemesha jamaa zake ana hesabu nzito. Dada yangu anakula pale. Wenzake walinipigia kampeni. Nikiuacha, atasema nani kwamba niliuacha kwa haki? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, na asubuhi nikachukua kalamu nikautoa ukumbi ule kwenye nafasi ya kumi na tano nikauweka wa kwanza. Mkurugenzi alinitazama.

"Una hakika?"

"Nina hakika," nikasema, na nikajiona mtu mwema. Nilikwenda nyumbani nimenyoosha mgongo. Mke wangu aliniuliza kama nimepandishwa cheo.

Dada hakuambiwa na mimi. Aliambiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ukumbi, Jumanne, siku moja kabla ya kikao cha bajeti. Bibi wa Jamaika ndiye aliyemsomea. Saa nane mchana simu yangu ikalia.

"Njoo," akasema dada, akakata.

Lifti ilikuwa haikupenda siku hiyo. Nilipofika ghorofa ya saba sikuwa na pumzi ya kujitetea. Mlango ulikuwa wazi. Hakunikaribisha chai, na katika maisha yangu yote lilikuwa halijatokea hilo.

"Nimeambiwa mkono uliotia saini ni wako," akasema.

"Ni wangu, dada."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimpa maelezo mazuri, yenye mpangilio, juu ya dhamana, na uadilifu, na hatari ya kuwapendelea watu wangu. Alinisikiliza huku anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Pale tunakula watu arubaini. Wa kwetu ni wangapi?"

Nikahesabu. "Watano."

"Yule mzee wa Ireland asiyeona, ni mjomba wako?"

"Hapana."

"Yule bibi wa Jamaika ni shangazi yako? Wale wawili wa Saiprasi wanaogombana kila siku juu ya karata, umezaliwa nao?"

"Hapana, dada."

"Basi umetazama watu arubaini ukaniona mimi tu. Ningekuwa sipo, ungeuweka wapi ukumbi?"

"Wa kumi na tano."

"Wa kumi na tano unafungwa?"

"Haufungwi."

"Ahaa." Akaiweka ile kanga. "Kwa hiyo mzee kipofu anakosa chakula chake kwa kuwa mimi nina ndugu diwani. Hiyo ndiyo haki uliyofundishwa chuoni? Mwalimu wako nilimjua. Angekuchapa."

Nilikuwa nimeogopa maneno ya watu, nikaiita hofu ile jina zuri zaidi.

"Na mimi," akaongeza, sasa kwa sauti ya chini, akitazama dirishani ambako hapaonekani ila paa na mnara wa kanisa, "sisemi kwa ajili ya wali. Wali wao wenyewe hauliki. Lakini Jumatatu naipitisha kwa kuijua Jumanne."

Nilishuka ngazi za ghorofa zote saba nikihesabu, na hesabu haikunisaidia kitu.

Jioni ile ile nilikwenda kwa kiongozi, nyumbani kwake. Nilimwambia nimekosea, nataka kuubadilisha ukurasa wa kumi na mbili, wenye ukumbi wa wazee. Alinisikiliza akimkuna yule paka.

"Mpenzi, kitabu kimeshachapwa. Chama kimeshakubaliana. Ukisimama kesho kuibomoa bajeti yako mwenyewe, wapinzani watacheka mpaka mwezi wa Mei, na ikifika Mei nitalazimika kutafuta diwani mwengine wa fedha."

"Naelewa."

"Kwa hiyo hutasimama?"

"Nasema naelewa."

Kikao cha bajeti kwetu kilianza saa kumi na moja za jioni, kwa sababu ni kirefu. Nilipoingia nilitupa jicho juu, kwenye roshani ya wananchi, ambako kwa kawaida hukaa mtu mmoja na gazeti lake. Ilikuwa imejaa. Safu ya mbele alikaa dada yangu na buibui lake na koti la baridi juu yake, kulia kwake bibi wa Jamaika na kofia ya kanisani, kushoto mzee wa Ireland na fimbo yake. Nyuma yao wazee wengine thelathini, wamefungua vibweta vya chakula. Mlinzi alikuwa akiwaambia chakula hakiruhusiwi. Bibi wa Jamaika alikuwa akimwambia kwamba ukumbi wao unafungwa, wakale wapi? Mlinzi alipewa sambusa, mazungumzo yakaisha.

Nusu saa baadaye sala ya Magharibi iliingia, na mapumziko yalikuwa bado. Sala hiyo wakati wake ni mfupi. Nikitoka, chama changu kinapungua kura moja, na tulikuwa tunawazidi kwa mbili tu. Nilimtazama Bhai upande wa pili. Alitazama saa yake, akasimama, akauambia ukumbi kwamba anajisikia kutaka maji. Tukatoka pamoja, mmoja huku mmoja kule, hesabu ikabaki kama ilivyokuwa. Tulikuwa tumefanya hivyo miaka miwili, na vyama vyetu vyote viwili vilidhani ni bahati.

Nilisali katika chumba cha makoti. Bhai alisimama mlangoni, na kila aliyetaka koti lake alimwambia kuna kamati ndogo inaendelea. Nilipotoa salamu nilimkuta amekaa juu ya kiti, ananisubiri.

"Shekhe, leo umekawia sijdani."

"Nina haja kubwa."

"Ni wale wa juu?"

"Ndio hao. Nimewadhulumu, Bhai." Nikamsimulia yote, mpaka la kumi na tano na la kwanza.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wallahi nyinyi watu wa Unguja! Mwizi anaficha mali kwa ndugu yake, wewe unamwibia ndugu yako uonekane si mwizi!"

"Nikitoa pendekezo la kubadilisha, upande wangu hakuna atakayeniunga mkono."

"Fedha utazitoa wapi?"

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria. Kabla ya kila kikao madiwani waliandaliwa meza: sandwichi, keki, mvinyo. Kwa mwaka mzima meza ile ilikaribia gharama ya ukumbi wa wazee.

Bhai akatabasamu polepole. "Mimi nitakuunga mkono. Mimi sandwichi zao sili, zote zina yai au mnyama."

"Na mimi sili."

"Basi hapo ndipo watakapotushika," akasema, akanifungulia mlango.

Na ndipo walipotushika. Nilisimama, nikasema nina pendekezo la kuibadilisha bajeti. Mwenyekiti aliuliza bajeti ya nani. Nikasema yangu. Ukumbi uliangua kicheko, na kiongozi wangu akafumba macho. Nilieleza kosa langu kama nilivyolielezea hapa, bila ya kuficha, nikataja meza ya chakula. Kicheko kikakatika. Bhai akasimama kuniunga mkono, na hapo diwani mmoja mnene wa nyuma akapiga kelele:

"Hao wawili hawali! Mmoja hagusi nguruwe, mwengine hagusi kitu! Wanatukatia sisi!"

Alikuwa na haki. Nilihisi masikio yananiwaka. Wiki chache tu nyuma nilikuwa nimetoa mali ya wengine ili nijisafishe mimi, na sasa nilikuwa nimesimama narudia kosa lile lile. Juu, dada alikuwa ameegemea ukingo wa roshani. Kiingereza kile hakukielewa, lakini uso wangu aliuelewa.

"Diwani anasema kweli," nikasema. "Meza peke yake haitoshi, na mimi sijatoa changu. Diwani wa fedha hupewa posho ya ziada. Iondolewe hiyo, pamoja na meza. Zikichanganywa, ukumbi unabaki wazi na zinasalia paundi kumi na nne."

"Zifanywe nini hizo kumi na nne?" akauliza mwenyekiti, nadhani kwa kutojua aseme nini.

"Wali," akasema Bhai. "Nasikia wa pale hauliki."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Sitasema madiwani wale waliguswa na hotuba yangu. Ninavyoamini, waligundua kwamba mtu akinyoosha mkono kutetea sandwichi yake atafanya hivyo mbele ya wazee thelathini na tatu wanaomtazama wakitafuna. Mikono ilipanda mmoja mmoja, bila ya furaha. Wa mwisho ulikuwa wa yule diwani mnene, na bibi wa Jamaika akamwambia kwa sauti, "Mungu akubariki, mwanangu, utapungua." Kiongozi wangu hakunyoosha wala hakupinga. Karani aliandika muda mrefu.

Baada ya kikao nilimkuta dada kwenye kituo cha basi, wenzake wamekwisha kupanda la kwanza. Baridi ilikuwa kali. Nilikaa pembeni yake nikasubiri. Nakiri kwamba nilitaraji neno zuri.

"Yule Mwingereza wako amekasirika," akasema.

"Amekasirika."

"Atakuondoa?"

"Mwezi wa Mei, inshallah."

"Ukiondolewa unabaki na kazi gani?"

"Ya udiwani tu, wa kawaida. Na kustaafu kwangu."

Akafikiri mpaka basi likaonekana mbali. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi Jumanne uje mapema. Anayetupangia viti amevunjika mkono."

Mei ilipofika niliondolewa, kwa barua ya heshima sana. Mke wangu aliisoma mara mbili akasema angalau sasa nitakula chakula cha jioni nyumbani. Bhai alinipigia simu kunipa pole, akashindwa kuimaliza kwa kucheka. Na Jumanne zote za mwaka ule, saa tano na nusu asubuhi, nilikuwa katika ukumbi wa wazee, diwani mzima, nabeba viti vinne vinne, na dada amekaa mezani na kijiko chake tayari, ananielekeza kwa kidole kwamba safu ya pili imekwenda upande.